Allidina Visram na Biashara Iliyovuka Mipaka

Mjini Mombasa, jina la Allidina Visram hutajwa kila uchao na watu ambao hawana habari na mwenye jina. Wanaolitaja huikusudia shule. Wazazi husema kwamba watoto wao wanasoma Allidina, na waliohitimu huko hujitambulisha kwa jina hilo popote waendako. Lakini ukimwuliza mmoja wao Allidina alikuwa nani, aghalabu atakujibu kwamba alikuwa Mhindi tajiri wa zamani, na mazungumzo yataishia hapo. Sanamu yake katika bustani ya Treasury Square nayo hupitwa na watu wenye haraka zao za kwenda benki na ofisini. Makala haya yanakusudia kumtoa Allidina Visram katika kibao cha shule na kumrudisha dukani kwake. Maisha yake ni mojawapo ya visa vikubwa vya biashara katika historia ya Afrika Mashariki, na ni kisa ambacho mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kukijua, kama itakavyobainika.

Swali linalotushughulisha ni hili. Kufikia mwaka wa 1904, mtu huyu alikuwa na matawi zaidi ya 30, mengine katika himaya ya Wajerumani, mengine katika nchi tunayoiita Kenya leo, na mengine Uganda, huku shughuli zake zikigusa hata upande wa Kongo. Nchi hizo zilikuwa na watawala mbalimbali, forodha mbalimbali na sarafu zisizolingana. Barua ya kwenda bara ilichukua wiki nyingi, na katika siku za misafara ilichukua miezi. Mtu aliyeketi pwani aliwezaje kujua kwamba mali yake iliyoko Tabora au Jinja haijaliwa? Na aliyepewa mali hiyo alizuiwa na nini asitoweke nayo, ilhali hatua chache tu zingemvusha mpaka na kumweka chini ya serikali nyingine?

Allidina Visram alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India, nchi kavu ambayo watu wake wamekuwa wakipanda majahazi kufuata riziki ng'ambo tangu enzi na dahari. Hao ndio Waswahili waliwaita Wakachi. Alikuwa Mkhoja wa madhehebu ya Ismailia. Mnamo mwaka wa 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alivuka bahari kuja Afrika Mashariki bila mali yoyote. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya Seyyid Majid, na ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe za ndovu na karafuu katika upande huu wa dunia. Mtoto wa umri ule aliyetoka Kutch hakuja kutalii. Alikuja kutumika dukani kwa mtu wa jamaa yake au wa dini yake, ajifunze kupima, kuhesabu na kuandika daftari, na akishakomaa aachwe ajitegemee. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao, na Allidina aliupitia kabla ya yeye mwenyewe kuwapitisha wengine.

Shule yake ilikuwa Bagamoyo, na mwalimu wake alikuwa Sewa Haji Paroo. Itafaa tutulie kidogo kwa Sewa Haji, maana bila yeye hatuwezi kumwelewa Allidina. Sewa Haji alikuwa Mkhoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa misafara. Mmisionari au msafiri wa Kiulaya aliyetaka kwenda bara alimwendea yeye kwa wapagazi, vitambaa, shanga na chakula cha njiani. Jina lake halijatoweka hadi leo, kwa kuwa wodi moja ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, huitwa Sewahaji. Dukani kwa mtu kama huyu, kijana Allidina alijifunza jambo ambalo halifundishwi kwa vitabu: namna ya kumkabidhi mtu mali, kumwacha aondoke nayo kwa mwaka mzima, na kulala usingizi.

Biashara ya misafara ilikuwa na jina lake zuri la Kiswahili, yaani mali kauli. Mfanyabiashara wa pwani alimpa mwenye msafara bidhaa bila malipo ya papo hapo. Dhamana ilikuwa kauli yake tu, kwamba atarudi na pembe za thamani iliyokubaliwa. Msafara uliondoka Bagamoyo na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Walibeba merikani, kaniki, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Walipita Tabora, wengine wakafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kuvuka kuingia Manyema. Safari ya kwenda na kurudi ingeweza kula mwaka au zaidi. Katika muda huo aliyetoa mali hakuwa na lolote mkononi isipokuwa maandishi ya daftari na imani. Aliyerudi na kulipa alipewa mali nyingi zaidi safari iliyofuata. Asiyelipa alikuta habari zake zimemtangulia katika kila duka la pwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 Allidina alikuwa ameanza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Alituma misafara yake, akafungua matawi Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji, na njia yake ikaendelea hadi Kongo. Alituma vitambaa na chumvi, akapokea nta, asali na hasa pembe. Hapa mwandishi wa maisha ya mtu kama huyu hana budi kusema wazi jambo ambalo wenye kumsifu hulipitia haraka. Pembe haikuja pwani kwa miguu yake. Nyuma ya kila frasila ya pembe iliyopimwa Bagamoyo kulikuwa na mgongo wa mpagazi, na katika nchi za Manyema biashara hiyo iliandamana na uvamizi wa vijiji na utumwa. Mfanyabiashara aliyeketi pwani hakushika bunduki, lakini bunduki na baruti zilinunuliwa kwa mali iliyotoka katika maghala ya pwani. Tusimbebeshe mtu mmoja hatia ya mfumo mzima, lakini pia tusimtoe nje ya mfumo huo kana kwamba aliuza maua.

Kisha mipaka ikaja. Msomaji wa leo, aliyezoea pasipoti na vituo vya Namanga na Busia, huenda asitambue jinsi jambo hili lilivyokuwa geni. Kabla ya miaka ya 1880, mfanyabiashara wa bara alijua forodha moja kubwa, ile ya Sultani wa Zanzibar kwenye pwani, na hongo alizolipa machifu wa njiani. Mnamo mwaka wa 1885 dola la Kongo likawa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mnamo mwaka wa 1886 Wajerumani na Waingereza wakachora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, na mwaka wa 1890 wakaurefusha kulivuka ziwa lenyewe. Wenyeji hawakuulizwa. Pwani ya Wajerumani ililipuka mwaka wa 1888 chini ya Abushiri, vita vikafika Bagamoyo penyewe, na Abushiri akanyongwa Pangani mwaka wa 1889. Upande wa Kongo, vita vya 1892 hadi 1894 viliwavunja wakuu wa Kiarabu na Kiswahili waliotawala biashara ya Manyema, na pembe zilizokuwa zikija mashariki zikageuzwa kuelekea Bahari ya Atlantiki. Njia iliyowalisha watu wa Bagamoyo ikaanza kukauka.

Wafanyabiashara wengi wa misafara walifilisika hapo. Allidina hakufilisika, na sababu yake ni uamuzi mmoja ambao kwa maoni yetu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote aliyoyafanya. Sewa Haji alifariki mwaka wa 1897, na Allidina akawa mrithi wa sehemu kubwa ya biashara ya misafara. Mtu mwingine angeridhika kuwa mkuu wa njia ya zamani. Yeye aliitazama njia hiyo na kuona kwamba inakufa, akageukia kaskazini, ambako Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896. Hakuondoka upande wa Wajerumani. Aliyaacha matawi yake huko yaendelee, akaongeza mengine upande wa pili wa mstari. Tangu hapo alikuwa na mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na kila alipobanwa upande mmoja alipata nafasi upande mwingine.

Kuhusu reli yenyewe mengi yameandikwa, na hatutayarudia. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, na vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Tunachopaswa kukumbuka ni kwamba vibarua hao walikula, na walilipwa kwa rupia. Kadiri reli ilivyosonga, maduka ya Allidina yalisonga nayo. Yaliuza mchele, dengu, samli na unga, na yalishughulikia fedha pale ambapo hapakuwa na benki. Alikuwa amekwisha kuingia Kampala kabla reli haijafika ziwani, mizigo ikiwa bado inachukuliwa na wapagazi kwa safari ya miezi mitatu hivi kutoka pwani. Reli ilipofika, safari hiyo ikawa ya siku chache, na aliyekuwa na duka tayari ndiye aliyevuna. Kisha maduka yakaenea Entebbe, Jinja na miji mingine ya Uganda, na makao makuu yakawa Mombasa.

Uganda ilikuwa mahali pa kujifunza upya maana ya fedha. Raia wa Buganda walitumia simbi, yaani makombe madogo ya baharini, katika ununuzi wa kila siku. Mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda uliweka kodi ya nyumba ya rupia tatu. Mkulima aliyehitaji rupia tatu angezipata wapi? Serikali ilikubali kwa muda kodi ya vitu, lakini ilitaka fedha, na fedha zilipatikana dukani, kwa yule aliyenunua ngozi, njugu, ufuta na baadaye pamba. Duka likawa mlango ambao rupia iliingilia kijijini na kutokea. Waziri wa fedha wa Uganda, tukisema kwa mzaha, alikuwa mwenye duka.

Sasa tufike kwenye kiini. Rupia ya fedha ilikuwa nzito. Rupia 1,000 zilikuwa na uzani wa karibu kilo 12, na kwa hiyo mpagazi mmoja hakuweza kubeba hata rupia 3,000. Kuhamisha fedha taslimu kutoka Mombasa hadi Kampala kulihitaji wapagazi, askari wa kuwalinda, na dua. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka wa 1896, lakini Uganda haikuwa na benki hadi mwaka wa 1906. Katika pengo hilo kilichotumika kilikuwa karatasi iitwayo hundi. Ofisa, mmisionari au mfanyabiashara aliyekuwa na fedha Mombasa alizikabidhi kwa duka la Allidina pale, akapewa maandishi, akayapeleka Kampala na kulipwa na duka la Allidina la huko. Rupia hazikusafiri. Kilichosafiri ni ahadi. Baadaye mahesabu ya matawi mawili yalisawazishwa kwa pembe na ngozi zilizoshuka pwani na vitambaa vilivyopanda bara, na baki ikamalizwa Zanzibar au Bombay.

Hapo ndipo msomi wa lugha anaposhtuka, kwa maana neno hundi analijua. Leo hundi kwetu ni cheki ya benki, karatasi yenye chapa na saini. Asili yake ni hati hiyo ya Kihindi iliyofanya kazi karne nyingi kabla ya benki kufika pwani yetu. Halikuja peke yake. Pesa ni paisa ya India, laki ni idadi ya Kihindi ya mia elfu, bima na gari yamefuata njia hiyohiyo ya bahari, na duka, ambalo mizizi yake ni ya Kiarabu na Kiajemi, lilizungumzwa na wafanyabiashara wa pande zote mbili za bahari. La kusisimua zaidi ni neno bepari. Katika Kigujarati lina maana ya mfanyabiashara tu, bila sifa wala lawama. Katika Kiswahili lilianza hivyo hivyo, lakini katika karne ya 20, hasa enzi za Ujamaa, likageuka kuwa jina la mnyonyaji. Allidina Visram alikuwa bepari kwa maana ya kwanza, na wako watakaosema kwamba alikuwa bepari kwa maana ya pili pia. Historia nzima ya uhusiano wa Wahindi na Waafrika katika eneo hili imo ndani ya safari ya neno hilo moja, na mtafiti kijana anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo.

Turudi kwenye swali la udanganyifu. Ni nini kilichomzuia wakala wa Jinja asitoweke na mali? Mahakama hazikuwa jibu. Hukumu ya Mombasa ilikuwa na nguvu ndogo kwa mtu aliyevuka na kuingia Bukoba kwa Wajerumani. Jibu lilikuwa namna Allidina alivyowachagua watu na namna alivyowalea. Aliwaleta vijana kutoka Kutch na Gujarat, wengi wao Wakhoja wenzake, akawaweka dukani kama makarani, kisha akawapa mawakala wake maduka ya kusimamia. Waliajiriwa kwa mamia. Daftari ziliandikwa Kigujarati, na habari za kila mtu zilizunguka katika jamatkhana na katika barua za nyumbani. Wakala aliyeiba Jinja alikuwa amemwaibisha baba yake Kutch, ameifunga ndoa ya dada yake, na amefunga milango ya maduka yote ya Wakhoja kutoka Zanzibar hadi Kampala. Jamaa ilikuwa ndiyo mahakama yake, nayo haikuwa na mpaka.

Aidha palikuwa na kishawishi cha uaminifu. Wakala mwema hakubaki wakala maisha yake yote. Baada ya miaka kadhaa alifungua duka lake mwenyewe, na mali ya kuanzia aliipata kwa mkopo kutoka kwa Allidina. Kwa macho ya leo huku ni kujizalishia washindani. Lakini mshindani huyo aliendelea kununua bidhaa kwa jumla katika ghala la tajiri wake wa zamani na kumwuzia ngozi na pamba alizokusanya. Kwa njia hiyo Allidina alifika vijijini ambako yeye mwenyewe asingeweza kuweka karani. Wale Wahindi wenye maduka madogo ambao hadithi na tamthilia zetu huwachora wakiwa wamekaa nyuma ya mizani, wengi wao walitokana na mnyororo huu wa mikopo.

Mnyororo huo ulikuwa na upande wake wa giza, nao ndio unaotufanya tusiandike sifa tupu. Imani iliyojengwa juu ya ukoo na dini humwacha nje asiyekuwa wa ukoo na dini hiyo. Mwafrika aliingia katika biashara ya Allidina kama mpagazi, baharia wa ziwani, kibarua wa shamba, muuzaji wa ngozi na mnunuzi wa kitambaa. Hakuingia kama karani anayeandaliwa kufunguliwa duka. Hakuwa na mjomba Kutch wa kumdhamini, na sheria za kikoloni kuhusu mikopo kwa wenyeji zilizidi kumfungia mlango. Tunapouliza kwa nini kufikia katikati ya karne ya 20 maduka ya miji yetu yalikuwa mikononi mwa jamii moja, na kwa nini Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka wa 1972 walikuwapo waliomshangilia, sehemu ya jibu imo katika namna mikopo ilivyogawiwa tangu siku za Allidina. Jambo lilelile lililoifanya biashara yake ivuke mipaka ya serikali liliweka mpaka mwingine katikati ya mji.

Ziwa Viktoria lilikuwa uwanja wake mwingine, na pengine ndiko ustadi wake ulikoonekana zaidi. Kabla ya reli ya Wajerumani kufika Tabora mwaka wa 1912, mazao ya Mwanza na Bukoba, yaliyokuwa katika himaya ya Wajerumani, hayakuwa na njia nzuri ya kwenda Dar es Salaam. Yalivushwa ziwa hadi Kisumu, yakapakiwa katika reli ya Waingereza na kushuka Mombasa. Ngozi moja ya ng'ombe wa Usukuma ilitoka katika nchi ya Kaisari, ikapita nchi ya Mfalme wa Uingereza, ikauzwa Ulaya au Marekani. Allidina alikuwa na vyombo vyake ziwani. Pande hizo mbili zote zilihesabu kwa rupia, lakini rupia ya Wajerumani iligawanywa kuwa heller 100 kuanzia mwaka wa 1904, huku ile ya India ikifuata hesabu yake ya pesa 64. Karani wa ziwani alilazimika kuwa na hesabu mbili kichwani. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umewataka watawala wa eneo hili lote wasipendelee bidhaa za taifa moja dhidi ya jingine, na ingawa ulitungwa kwa manufaa ya Wazungu, ni Wahindi kama Allidina waliofaidika nao sana. Waliweza kuuza kitambaa kilekile pande zote za mstari.

Fedha alizozipata hakuzirudisha zote katika maduka. Alijaribu viwanda: kukamua mafuta ya ufuta na ya nazi kavu, kuchambua pamba, kutengeneza samani, hata kutengeneza soda. Alianzisha mashamba makubwa na kujaribu mimea mbalimbali. Pamba ndiyo iliyokuwa na mustakabali. Mbegu ziligawiwa wakulima wa Uganda mwaka wa 1904, na miaka kumi baadaye pamba ilikuwa ndiyo zao kuu la nchi hiyo kuuzwa ng'ambo. Alitoa pia misaada kwa shule, hospitali na nyumba za ibada, zikiwemo za watu wasiokuwa wa dini yake. Maofisa wa Kiingereza walimpenda kwa sababu alifungua duka mahali ambapo wao walitaka mji. Masetla wa Kenya hawakuwapenda Wahindi kwa jumla, na nyanda za juu zilifungwa kwa Mhindi yeyote, hata awe tajiri kiasi gani. Katika ardhi ile mtu ambaye hundi yake ilikubaliwa na serikali hakuruhusiwa kumiliki shamba.

Agosti ya mwaka 1914 vita vikaja, na mstari uliochorwa mwaka wa 1886 ukawa kile ambacho siku zote ungeweza kuwa, yaani uwanja wa mapigano. Ziwa likafungwa. Kila mfanyabiashara aliyekuwa na maduka pande zote mbili aligeuka usiku mmoja kuwa mtu anayefanya biashara na adui. Madeni ya upande wa Wajerumani hayakudaika, barua zikakatika, na noti zilizochapishwa huko wakati wa vita hazikuwa na thamani vita vilipokwisha. Ule mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, uliokuwa kinga yake kwa miaka 20, sasa ulimpasua.

Allidina alikuwa na umri wa miaka 65 hivi. Mtu wa umri na mali kama yake angetuma karani. Yeye alisafiri mwenyewe hadi Kongo kwa shughuli zake, akapatwa na homa huko, na mnamo tarehe 30 Juni 1916 akafariki. Wiki chache tu baadaye, katikati ya Julai, Waingereza waliiteka Mwanza, na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Mipaka iliyomtesa ilikuwa inaanza kufutwa, lakini mwenye hundi hakuwapo.

Biashara ilimwangukia mwanawe, Abdulrasul. Alirithi maghala, vyombo na mashamba, na alirithi madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Ambacho hakingeweza kurithiwa ni ule uzito wa neno la baba yake kwa mawakala aliowalea tangu wakiwa vijana. Miaka ile nayo haikuwa na huruma. Mwaka wa 1920 serikali iliipandisha rupia kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza hadi shilingi mbili kamili, na kwa hiyo aliyekuwa na deni la rupia 15, ambalo lilikuwa sawa na pauni moja, akajikuta anadaiwa pauni moja na nusu. Rupia yenyewe ikaondolewa muda mfupi baadaye na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake. Bei za mazao ziliporomoka wakati huohuo. Mfumo uliokuwa umejengwa wote juu ya mikopo ya rupia ulitikiswa kutoka msingini.

Katika hali hiyo Abdulrasul aliitoa ile shule ya Mombasa iwe ukumbusho wa baba yake, nayo ikaanza miaka ya mwanzo ya 1920. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1923, na kampuni haikuchukua miaka mingi kabla ya kuvunjika. Mali ziliuzwa kulipa wadai. Katika miji ya reli na ya ziwani, baadhi ya maduka yaliendelea kufunguliwa kila asubuhi kama kawaida, ila jina la juu ya mlango sasa lilikuwa la yule aliyewahi kuwa karani.